Kilichoikwamisha Mac ya Brazil ni ROM

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kompyuta za kunakili iliitaja Unitron Mac 512 ya Brazil, nakala ya Macintosh 512K ya Apple, kama mashine iliyotangazwa kabla haijaiva. Si kweli. Mashine za majaribio zilikuwa zinawaka na kufanya kazi. Kilichokwama ni kibali cha serikali, na chanzo chake ni ROM, yaani chipu zinazobeba programu za kudumu za kompyuta.

Unitron, kampuni ya São Paulo, ilikwisha kunakili Apple II. Bodi ya Macintosh 512K, iliyotoka Marekani Septemba 1984, ina prosesa ya Motorola 68000, chipu 16 za kumbukumbu za kilobiti 256 kila moja, na chipu za kawaida kama 6522 na 8530 ambazo yeyote angeweza kuzinunua. Ugumu uko kwenye PAL sita, chipu ambazo mtengenezaji huzipangia kazi mwenyewe, na kwenye IWM, chipu ya Apple yenyewe inayoendesha flopi. Hata hizo, mhandisi mwenye osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na subira atazifumbua.

ROM haifumbuliwi hivyo. BIOS ya IBM PC, yaani programu ya ROM inayoiwasha kompyuta hiyo, ilikuwa KB 8 tu. Compaq, kampuni nyingine ya Marekani, iliiandika upya kwa timu mbili: ya kwanza inasoma na kueleza kila kazi inafanya nini, ya pili, ambayo haijaona hata mstari mmoja wa asili, inaandika. Kisha wanapima kwa programu ngumu kama Lotus 1-2-3 ya majedwali ya hesabu. ROM ya Mac ina KB 64 za lugha ya mashine iliyobanwa sana, ndani yake mna QuickDraw, programu inayochora kila kitu kwenye skrini, pamoja na madirisha na menyu. Kila programu huita mamia ya huduma hizo moja kwa moja, na nyingine hutegemea hata kasoro zake. Ukikosea moja, programu inazimika njiani. Ndiyo maana Apple ilipolalamika kwamba ROM yake imenakiliwa, wengi hawakushangaa. Tangu Agosti 1983, katika kesi ya Apple dhidi ya Franklin, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikwisha kusema programu iliyomo kwenye ROM inalindwa na hakimiliki.

Brazil ilikuwa na sheria yake ya 1984 ya kuwatengea wazawa soko la kompyuta. Lakini Novemba 1987 Rais Reagan alitangaza nia ya kutoza ushuru bidhaa za Brazil, baada ya nchi hiyo kuinyima kibali MS-DOS, programu endeshi ya Microsoft. Katika hali hiyo, SEI, idara ya serikali iliyosimamia kompyuta, haikuipa Unitron ruhusa. Kuliita hilo udhaifu wa mafundi ni kuwaonea.

Kosa la pili: mliandika kuwa sura ya huzuni kwenye skrini ya Mac hizo maana yake ROM imekufa. Someni namba iliyo chini ya sura. Ikianza na 01, ni ROM. Ikianza na 02 hadi 05, ni kumbukumbu, na tarakimu nne za mwisho zinaonyesha chipu yenyewe: 0001 ni chipu iliyo mahali palipoandikwa F5 kwenye bodi, 0080 ni F12, 0100 ni G5. Ikionyesha chipu nyingi kwa pamoja, usikimbilie kuzing'oa. Pima kwanza volti 5. Na picha ikijikunja kuwa mstari mmoja wa wima, bodi kuu haina kosa. Angalia kapasita C1 ya bodi ya umeme, maikrofaradi 3.9 isiyo na chanya wala hasi, pamoja na lehemu zilizopasuka. Lakini zima, chomoa, na bomba la picha liondolewe chaji kwanza na fundi anayejua, maana hubaki na maelfu ya volti na kusubiri peke yake hakutoshi.

Flopi zake za KB 400 nazo zina mambo yao. Nyimbo, yaani duara ambamo data huandikwa, zikiwa za nje zina sekta (vipande) 12, za ndani 8, na mota hubadili kasi kufuata wimbo. Kisomaji cha USB cha siku hizi huzungusha kwa kasi moja, hivyo hakitaona kitu. Kompyuta ikikuuliza kama uifomati, jibu hapana.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam