Jaribio likikosa dampu, tusibonyeze tu kitufe cha kurudia

Mhariri,

Jaribio la kiotomatiki likifeli usiku, asubuhi mtu hubonyeza kitufe cha kulirudia. Likifeli tena, hurudiwa tena. Likipita mara ya tatu, huhesabiwa kuwa zima na programu hupelekwa kwa wateja. Tabia hii imeota mizizi katika afisi za programu hapa Mombasa, nasi tunaandika kuipinga hasa kwa aina moja ya majaribio: yale yanayotegemea dampu, yaani faili lenye nakala ya kumbukumbu ya programu, ambalo mfumo wa kompyuta huliandika pale programu inapoanguka ghafla.

Programu ya kukatia tiketi za basi au ya kutolea mizigo bandarini ikianguka saa nane za usiku, hakuna anayeitazama. Dampu ndiyo shahidi pekee. Ndiyo maana wajenzi makini huiangusha programu makusudi ndani ya jaribio, kisha wakauliza: faili limeandikwa? Linasomeka? Linataja fanksheni iliyoleta balaa? Jaribio la namna hiyo likifeli, mara nyingi kasoro haiko kwenye programu bali kwenye seva inayoendesha majaribio. Hapo ndipo utasikia "ni mazingira tu", na kitufe kinabonyezwa. Lakini huenda seva ya mteja imepangwa vivyo hivyo, na siku ya ajali ya kweli nayo haitaacha kitu. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Pa kuanzia ni msimbo wa kutoka, yaani namba ambayo programu huiacha inapomaliza au inapoanguka. Kwenye Linux, shell (programu inayopokea amri) huonyesha 128 ukijumlisha na namba ya ishara, yaani ujumbe wa mfumo, iliyoiangusha programu. 139 ni ishara 11, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. 134 ni ishara 6, programu imejikatiza yenyewe. Hizo mbili huandikiwa dampu ikiwa mfumo umeruhusu. 137 ni ishara 9, na ishara 9 haiachi dampu kamwe. Ukiiona, usitafute faili, mtafute aliyeua. Aghalabu ni kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) yenyewe baada ya kumbukumbu kuisha, au kipima muda cha jaribio kilichochoka kusubiri. Amri ya dmesg kwenye seva mama, ile inayobeba kontena (vyumba vilivyotengwa vya kuendeshea programu), itakuambia kama ni kerneli. Inasikitisha kuona watu wakichakura seva nzima wakisaka faili ambalo halingeweza kuwapo.

Msimbo ukiwa ni 1 au 2, basi programu haikuangushwa na ishara hata kidogo. Programu ya lugha ya Go ikipata hofu (panic) hutoka na 2 bila dampu, mpaka uweke GOTRACEBACK=crash. Iliyojengwa na AddressSanitizer, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu, huidaka ishara 11 yenyewe, huchapa ripoti yake na kutoka na 1. Tena kwenye mashine za biti 64 huzima dampu bila kuulizwa. Dawa yake ni ASAN_OPTIONS=abort_on_error=1:disable_coredump=0, na hapo utaanza kuona 134. Timu nyingi huwasha kikaguzi hiki kwa nia njema, kisha zikashangaa majaribio yote ya dampu yamefeli kwa mpigo.

Sasa tuseme msimbo ni 139 na faili halipo. Kuna kikomo cha ukubwa wa dampu, kinachoonekana kwa ulimit -c, na kwenye mifumo mingi huanza na sifuri. Mjenzi huandika ulimit -c unlimited kwenye terminali yake, jaribio linapita, naye anaapa kwamba kwake mambo ni shwari. Hadanganyi. Ila wakala anayeendesha majaribio usiku huanzishwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, si na terminali ya mtu, na kikomo chake ni kingine. Usibishane naye, soma /proc/NAMBA/limits ya mchakato wenyewe ukiwa hai, mstari wa "Max core file size". Kukirekebisha, weka LimitCORE=infinity kwenye faili la huduma ya huyo wakala, kisha umwanzishe upya. Kikomo kikiwa kidogo lakini si sifuri, ni balaa zaidi: faili huandikwa, ila limekatwa njiani. gdb, programu ya kusomea dampu, italalamika kwamba faili ni dogo kuliko ilivyotarajiwa, nalo jaribio litafeli kana kwamba programu ndiyo yenye kasoro.

Baada ya kikomo, soma /proc/sys/kernel/core_pattern, kielelezo kinachoiambia kerneli dampu iende wapi na kwa jina gani. Hapa ndipo penye mambo mengi. Kikianza na alama ya bomba, |, kerneli haiandiki faili, humkabidhi msaidizi. Kwenye Fedora msaidizi huyo ni systemd-coredump, ambaye huhifadhi dampu zilizobanwa ndani ya /var/lib/systemd/coredump, nawe huziona kwa coredumpctl list. Kwenye Ubuntu ni kawaida kumkuta apport, mwenye masharti yake kuhusu programu ambazo hazikusakinishwa kama pakiti, na programu unayoijaribu huwa ni ya aina hiyo. Maneno "core dumped" yanayochapwa kwenye skrini yasikuhadae: wakati wa bomba maana yake ni kwamba kerneli imekabidhi mzigo, si kwamba faili lipo mahali unapolitazamia.

Kwa seva ya majaribio pekee, sisi tungependelea kuachana na bomba. Tengeneza saraka /var/dampu, kisha uandike kernel.core_pattern=/var/dampu/core.%e.%p.%t ndani ya faili moja la /etc/sysctl.d ili mpangilio usipotee seva ikizimika, maana stima zetu tunazijua. Saraka uitengeneze mwenyewe, kerneli haitengenezi. Hakikisha pia mtumiaji anayeendesha jaribio anaweza kuandika humo. Ukiandika "core" pekee bila njia, faili litatua kwenye saraka ambamo programu ilikuwa ikifanya kazi, na majaribio mengi hufanyia kazi kwenye saraka ya muda inayofutwa jaribio likiisha. Dampu inaandikwa vizuri kabisa, halafu inafutwa na usafi wenu wenyewe.

Jina nalo lina mitego. %e si lazima liwe jina la programu; ni jina la uzi (thread, mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) ulioanguka, na hukatwa likifika herufi 15. Programu iliyozipa nyuzi zake majina yake yenyewe itatoa dampu yenye jina usilolitegemea. %p ni namba ya mchakato kama inavyoonekana ndani ya kontena, ilhali %P ni ile ya seva mama. Ndani ya kontena namba huanza upya kila mara, hivyo si ajabu programu kuwa namba 7 leo na namba 7 kesho. Bila %t, yaani muda wa kuanguka, dampu ya leo itaifuta ya jana. Au, mbaya zaidi, jaribio litaikuta ya jana, lifurahi na kupita. Jaribio linalopita kwa ushahidi wa jana lina hatari kuliko linalofeli, kwa sababu hakuna atakayelitazama tena. Kila jaribio lisafishe saraka yake kabla ya kuanza, kisha lilinganishe muda wa faili na muda wa kuanza kwake.

Kontena, na hapa hatusemi zile za Kilindini, zina kanuni moja inayosahaulika: core_pattern ni mali ya kerneli, na kerneli ni moja kwa kontena zote za seva. Kontena ya kawaida haiwezi kuibadilisha. Yenye mamlaka kamili inaweza, ila itawabadilishia majirani zake wote, ndipo timu mbili zinazotumia seva moja huanza kuvurugiana bila kujua. Msaidizi wa bomba naye huendeshwa kwenye seva mama, nje ya kontena, kwa hiyo kumtafutia faili ndani ya kontena ni kazi bure. Ukitumia njia kamili ya faili, njia hiyo husomwa kwa macho ya kontena: lazima /var/dampu iwepo ndani yake. Ukitumia Docker, ianzishe kwa --ulimit core=-1 na -v /var/dampu:/var/dampu, dampu itabaki hata kontena ikishafutwa.

Majaribio yanayofeli leo na kupita kesho mara nyingi ni suala la muda. Kwa faili la kawaida, kerneli humaliza kuandika kabla mchakato mzazi hajapewa taarifa ya kifo. Kwa bomba sivyo. Msaidizi anaweza kuwa bado anabana gigabaiti kadhaa wakati jaribio limeshatazama na kuondoka. Kuweka usingizi wa sekunde tano si suluhisho. Seva ikielemewa tano hazitoshi, na ikiwa nyepesi unapoteza muda bure. Tazama kila nusu sekunde hadi sekunde 30, na ulikubali faili pale tu ukubwa wake unapolingana katika mitazamo miwili mfululizo.

Kuna pia majaribio ambayo hayaangushi chochote, bali husoma dampu za zamani zilizohifadhiwa pamoja na msimbo. Yakifeli, pima ukubwa wa faili kwanza. Baiti 130 hivi maana yake hukupata dampu, umepata kielekezi cha Git LFS (chombo kinachohifadhi mafaili makubwa kando na msimbo), na mstari wake wa kwanza utasema hivyo waziwazi. Dampu ya Linux huanza na baiti 7f 45 4c 46. Ile ndogo ya Windows huanza na herufi MDMP. Ikiwa faili ni halali lakini majina ya fanksheni ni alama za kuuliza tupu, basi programu uliyompa gdb si ile iliyoanguka. Kujenga upya kutoka msimbo uleule hakuhakikishi nakala ileile. Linganisha build-id (kitambulisho cha kila nakala iliyojengwa) kwa amri ya eu-unstrip -n --core, na uhifadhi dampu, programu yenyewe, simboli zake na maktaba zake za pamoja katika furushi moja.

Wala msidai ulinganifu wa rundo zima la fanksheni (orodha ya fanksheni zilizokuwa zikiitana programu ilipoanguka), mstari kwa mstari. Anwani hubadilika kila programu inapoendeshwa. Timu iliyohama Ubuntu 20.04 kwenda 22.04 ilitoka glibc (maktaba ya msingi ya C) 2.31 hadi 2.35, na kileleni mwa rundo, palipokuwa raise, pakaja __pthread_kill_implementation. Programu haikubadilika hata herufi. Jaribio lidai jina la fanksheni yenu kuwemo kwenye rundo, liishie hapo.

Kama kuna jambo moja tungewaomba wakuu wa timu walifanye wiki hii, ni kutanguliza kipimo kidogo kabla ya majaribio yote: sh -c 'kill -ABRT $$', kikiendeshwa na wakala yuleyule, ndani ya kontena ileile. Lazima msimbo uwe 134 na dampu ionekane ndani ya sekunde 30. Isipoonekana, simamisha kila kitu na uandike kwamba seva haitoi dampu. Majaribio yenyewe nayo yatenganishe hitilafu tatu zinazochanganywa kila siku: programu haikuanguka, imeanguka lakini dampu haikuandikwa, dampu ipo lakini haisomeki. Ujumbe unaosema "jaribio limefeli" na kunyamaza ndio unaomfanya mtu abonyeze kitufe.

Mwisho ni suala ambalo wahandisi hulidharau. Dampu ni kumbukumbu nzima: namba za vitambulisho, namba za simu, hata nywila zilizokuwa zikipita wakati huo. Kuipakia mahali pa wazi ili mwenzako akusaidie kuisoma ni kuvujisha data za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayedhibiti data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuhusu uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika. Majaribio yatumie wateja wa kubuni. Saraka ya dampu iwe ya mtumiaji mmoja tu, ruhusa 0700, na mafaili yafutwe baada ya wiki. Kurasa za kumbukumbu zenye siri zitiwe alama ya MADV_DONTDUMP, ambayo Linux imekuwa nayo tangu toleo la 3.4. Kupakia nako kuna gharama: dampu ya gigabaiti 4 kwa laini inayopakia megabiti 10 kwa sekunde hula karibu saa nzima, japo nyaya za baharini zinatia nanga hapa hapa Mombasa. Ibane kwa zstd kwanza, au uisomee papo hapo kwenye seva kwa gdb -batch -ex "thread apply all bt" na utume maandishi pekee, baada ya kuyapitia kwa jicho, kwani vigezo vya fanksheni navyo hubeba majina ya watu.

Wajaribu programu,
Tudor, Mombasa