Namba za kibao cha rangi ya chungwa zisomwe na walio barabarani

Mhariri,

Kila lori la mafuta likianguka na watu wakaungua, mazungumzo huishia kwenye neno moja: tamaa, kwamba walikimbilia kuchota mafuta. Lilisemwa baada ya Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, walipokufa watu zaidi ya 100. Lilisemwa pia Kenya baada ya Sachangwan, karibu na Molo, Januari 31, 2009. Lakini huko Sange, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, Julai 2, 2010, lori lililotoka Tanzania lilipopinduka, moto uliwafuata hata waliokuwa ndani ya majengo wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Hao hawakushika ndoo wala dumu. Tamaa haielezi vifo vyao. Tabia ya petroli inaeleza.

Kinachowaka ni mvuke wa petroli, na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la saa nane mchana Chalinze. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea. Unatambaa chini, unaingia mtaroni, unafuata mteremko mpaka ufike kwenye jiko la mama lishe ambaye hata hajui kwamba kuna lori limeanguka. Mvuke ukifika asilimia 1.4 ya hewa, cheche yoyote inatosha: pikipiki inayowashwa, sigara, betri inayochomolewa. Kuhusu Msamvu iliripotiwa wakati ule kwamba mtu mmoja alikuwa akijaribu kuitoa betri ya lori. Waya wa betri ukifunguliwa huku umeme unapita, hutoa cheche. Ndiyo maana lori linalobeba mafuta linatakiwa kuwa na suwichi kuu ya kukata umeme, na dereva au utingo aizime papo hapo kabla mvuke haujatanda. Wakichelewa, betri iachwe ilivyo.

Sasa, nani anafika kwanza kwenye ajali? Si Zimamoto. Ni bodaboda, wachuuzi wa njiani, mwenyekiti wa kijiji, labda trafiki mmoja. Hao ndio wenye dakika kumi za mwanzo mikononi mwao, na kibao cha rangi ya chungwa kilichobandikwa kwenye lori kiliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewafundisha kukisoma.

Kibao kamili kina mistari miwili ya namba. Mstari wa juu unataja hatari, wa chini unataja bidhaa yenyewe. Petroli ni 33 juu na 1203 chini. Dizeli ni 30 na 1202. Gesi ya kupikia ni 23 na 1075. Asidi ya salfuriki ni 80 na 1830. Sianidi ya sodiamu, ile inayopelekwa kwenye migodi ya dhahabu Kanda ya Ziwa, ni 66 na 1689. Kwenye mstari wa juu, 3 ni kimiminika kinachowaka, 2 ni gesi, 6 ni sumu, 8 ni kinachounguza ngozi na chuma. Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi: ndiyo tofauti ya 30 ya dizeli na 33 ya petroli. Herufi X ikitangulia, maji yasiguse mzigo huo. Mtu aliyemaliza darasa la saba anayashika haya kwa asubuhi moja.

Akishazijua namba, umbali unafuata. Petroli inayovuja bila moto: watu wasogee mita 50 pande zote kwa uchache, na kama imemwagika nyingi, upande unakoelekea upepo wahame mita 300. Tangi likiwa ndani ya moto, mita 800 kila upande. Gesi ni kali zaidi: mita 100 ikivuja, na kilomita 1.6 tangi likiunguzwa na moto. Sababu ni kwamba sehemu ya chuma ya tangi iliyo juu ya gesi ya kimiminika haina cha kuipoza. Inalainika na kupasuka ghafla ingawa vali ya usalama inapuliza. Anayedhani yuko salama kwa kuwa vali inapiga mluzi amekosea kabisa.

Asidi nayo ina lake. Mtu mwema akimwaga ndoo ya maji juu ya dimbwi la asidi kali, inachemka na kumrukia usoni. Aliyerukiwa na asidi, huyo ndiye wa kumwagiwa maji, mengi, bila kuacha. Asidi na sianidi zikikutana hutoa gesi inayoua kwa dakika chache, kwa hiyo malori ya mizigo hiyo miwili yasilale kwenye maegesho mamoja. Maegesho mengi ya malori hayaulizi mzigo ni nini. Yaanze kuuliza.

Lakini ajali nyingi hupikwa mapema, tangu bohari. Tangi la lita 36,000 limegawanywa vyumba, na chumba kilichojazwa nusu ndicho kinachopindua lori: mafuta yanahamia upande mmoja kwenye kona au kipilefti, na uzito unayafuata. Chumba kinachobeba kijae vizuri au kiwe tupu. Kujaa vizuri si kufurika. Petroli hutanuka karibu sehemu moja kwa elfu ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo lita 36,000 zikipanda nyuzi 20 zinaongezeka lita 720 hivi, na zisipoachiwa nafasi zitatafuta njia kwenye mifuniko.

Hatari nyingine bohari haionekani kwa macho: kupakia dizeli kwenye chumba kilichotoka kubeba petroli. Dizeli ikipita kwenye bomba inazalisha umeme tuli, na ndani bado kuna mvuke wa petroli unaoweza kuwashwa na cheche yake. Waya wa ethi, unaopeleka umeme huo ardhini, ufungwe kabla ya bomba kuunganishwa, na mwendo wa mafuta usizidi mita moja kwa sekunde mpaka mdomo wa bomba uzame. Tangi "tupu" lililobeba petroli linabaki na mvuke huo. Ni kosa kubwa kulipeleka kwa mchomeleaji kabla halijasafishwa na kupimwa.

Jambo tungependa trafiki walisimamie mizani na vizuizini ni vali ya chini, ndani ya tangi. Ikiwa imefungwa safarini, bomba la nje likikatika kwenye ajali, mafuta yanabaki tangini. Ikiwa imeachwa wazi ili kushusha kuwe kwepesi, chumba kizima kinamwagika barabarani. Kuikagua hakuchukui hata dakika tano. Hapo hapo waangalie kama kibao kiko mbele, nyuma na ubavuni kote kuwili, maana lori lililolala huficha ubavu mmoja, na kama karatasi ya maelekezo iliyo kwa dereva imeandikwa Kiswahili.

Na likishaanguka, lisinyanyuliwe likiwa na mzigo. Tangi lililopinduka likivutwa na kreni huku limejaa hupasuka kwenye maungio. Mafuta yafaulishwe kwanza kwenye lori jingine, malori yote mawili yakiwa yameungwa kwa waya wa ethi, na barabara ibaki imefungwa hata kama foleni imefika kilomita kumi.

Tunaziomba EWURA (wadhibiti wa nishati na maji), LATRA (wadhibiti wa usafiri wa ardhini), Mkemia Mkuu wa Serikali na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakae na halmashauri zilizo kando ya barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kuanzia Chalinze, Mikumi, Kitonga na Makambako, wawafundishe viongozi wa vijiji na vijiwe vya bodaboda kwa nusu siku, na kuwaachia karatasi moja ya namba na umbali. Anayepiga 114 aanze kwa kutaja namba mbili za kwenye kibao, kisha mahali, kisha kama kuna moto, na apige akiwa amesimama upande upepo unakotokea, mbali na mvuke.

Wakaguzi wa usalama wa mizigo hatarishi,
Morogoro