Nani ana ufunguo wa mlango wa uani wa seva yenu?

Asubuhi moja ya Novemba, katikati ya minada ya korosho, tulipigiwa simu na taasisi moja ya huku kusini. Tulipofika tulimkuta karani ameshika orodha mbili za malipo: wakulima walewale, kilo zilezile, makato tofauti. Nje watu walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri wakisubiri kuambiwa orodha ipi ndiyo yao.

Ilituchukua nusu siku kujua kilichotokea. Jumanne kijana mmoja wa TEHAMA alirekebisha faili la makato palepale kwenye seva, na akarekebisha sawasawa. Alhamisi mwenzake, aliyekuwa na kazi nyingine kabisa ya kupanga upya mwonekano wa risiti, akapandisha folda nzima kutoka kwenye flashi yake. Ndani ya folda ile mlikuwa na makato ya zamani. Kwenye kompyuta za watu wanne tulikuta nakala nne za faili hilo, zenye majina kama makato_mpya na makato_mpya_mwisho, na hakuna aliyeweza kuapa ipi ndiyo ya Jumanne.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba taasisi ile ilikuwa na Git, programu ya kutunza kila toleo la mafaili. Ilishafungwa, mafunzo yalishafanyika, vyeti vilishagawiwa. Ghala lilikuwepo, ila watu waliendelea kupitisha magunia dirishani.

Tunasema ghala kwa makusudi, maana mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili. Korosho ikifika ghalani inapimwa, inapewa daraja, inaandikiwa stakabadhi. Git inayafanyia hivyohivyo mafaili ya programu. Kila badiliko linaandikwa nani kalifanya, lini na kwa nini, kisha linapewa namba yake ndefu ya tarakimu na herufi, kwa kawaida 40. Watu wawili wakigusa mstari mmoja, mfumo unawasimamisha wakubaliane kwanza. Shida ya nakala kugongana ni ya zamani: Marc Rochkind alitengeneza mojawapo ya vyombo vya mwanzo vya kazi hii pale Bell Labs, Marekani, mwaka 1972, na Git yenyewe ililetwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Chombo kipo, tena cha bure. Kwa hiyo mteja akituuliza anunue kipi, sisi humuuliza kwanza nani ana neno la siri la seva.

Mara nyingi wanalo watu sita, saba, na mmoja wao alishaacha kazi. Huo ndio mlango wa uani. Ukiuacha wazi, hata uweke mfumo wa namna gani, siku ya haraka kila mtu atapita huko, na kwenye taasisi kubwa kila siku ni ya haraka kwa mtu fulani. Sisi tunabadilisha maneno ya siri yote, kisha tunaiachia akaunti moja tu kazi ya kupeleka mafaili kwenye seva, nayo inachukua kutoka kwenye tawi kuu la Git, yaani toleo rasmi la kazi, na si kwingine. Kijana anayetaka kurekebisha anafungua tawi lake la pembeni, lisiloligusa lile kuu, anafanya kazi, mwenzake anaipitia, ndipo inaunganishwa.

Lakini ukifunga mlango, acha njia ya dharura inayojulikana. Kwetu ni watu wawili: mmoja anarekebisha, mwingine anasoma badiliko na kuliidhinisha, hata kama ni saa nne usiku kwa simu. Tumeona idhini ikitakiwa kupita kwa wakuu watatu, na wiki ya pili watu wameshatafuta namna ya kuikwepa. Hatuwalaumu.

Jambo gumu kuliko yote ni heshima. Mtaalamu mwenye miaka kumi na tano kazini anaambiwa kazi yake itasomwa na kijana aliyetoka chuo juzi, naye anaona amevunjiwa hadhi. Hapa tunakwenda taratibu. Tunaomba wiki za mwanzo kazi ya mkubwa ndiyo itangulie kusomwa, hadharani, na yeye ndiye awafundishe vijana namna ya kusoma. Taasisi moja tulimwona mzee wa kitengo akiambiwa, "Shikamoo kaka, hapa mstari wa tatu naona tumesahau wakulima wenye akaunti mbili." Akanyamaza, akasoma tena, akasema, "Kweli." Tangu siku hiyo hatukuhitaji kumshawishi mtu pale. Na mkurugenzi naye ahusike: akipiga simu kusema "nirekebishie hiyo sasa hivi," lazima akubali jibu la "inapita kwa mwenzangu kwanza, bosi."

Maneno ya siri ya hifadhidata yasiingizwe ghalani kabisa. Git haisahau: ukilifuta faili leo, lile la jana bado linasomeka kwenye historia. Likishaingia, badilisheni neno lenyewe.

Wateja wa Newala na Nachingwea hutuuliza kuhusu mtandao, na wana haki. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya nyaya za chini ya bahari iliiacha nchi nzima na intaneti ya kubahatisha. Uzuri wa Git ni kwamba kila kompyuta ina nakala ya ghala pamoja na historia yake, hivyo mtu anaandika mabadiliko yake bila mtandao na kuyapeleka ukirudi. Mifumo mingine ya kazi hiihii, kama Subversion, inahitaji kuifikia seva kila unapotaka kuhifadhi badiliko. Kwa taasisi yenye matawi wilayani, tofauti hiyo peke yake inatutosha kuchagua.

Hatuanzi na taasisi nzima. Tunachagua mfumo mmoja na timu moja, tunachukua kilichopo kwenye seva siku hiyo, hata kama kimechafuka, na kukifanya toleo la kwanza. Kufukua nakala za miaka iliyopita kunakula miezi bure. Kisha tunashika saa na kuwauliza wahusika: toleo lipi linafanya kazi sasa hivi, nani aliliweka, na kurudi la jana ni dakika ngapi? Wakijibu bila kupigiana simu, tunahamia timu ya pili.

Kazi hii tunaianza Februari na Machi, minada ikishapoa, ili wakati wa kugawa salfa, dawa ya mikorosho, watu wawe wameshazoea. Oktoba hadi Desemba hatufungi mfumo mpya kwa mteja yeyote. Miezi hiyo tunakaa karibu na simu kwa ajili ya wale tuliokwisha kuwafungia. Ukitaka tuje, tuandalie orodha ya kila mtu mwenye neno la siri la seva yenu, pamoja na walioacha kazi.