Barua kwa Nekesa: Dani Aliuliza Nani Amesema

Kisumu,
Jumapili jioni.

Nekesa dada yangu,

Salamu kutoka huku ziwani. Sisi tu wazima, ila mbu wa msimu huu wametukalia vibaya. Mama anakusalimu na anauliza kama ile leso yake bado unayo. Mimi sijasema kitu.

Ujumbe wako wa Jumanne niliusoma mara mbili ndani ya matatu hadi nikapitiliza steji. Unasema msimamizi amekurudishia sura ya nne ikiwa imejaa kalamu nyekundu, na kwamba umechoka kuandika tasnifu itakayoishia kwenye rafu ya chuo hapo Njoro ikila vumbi. Unataka kuacha. Sikukujibu siku ile kwa sababu, niseme ukweli, ningekwambia acha. Tasnifu ngapi zimeandikwa kuhusu mayatima wa huku kwetu, na ni mtoto gani amewahi kushiba tasnifu?

Alhamisi nikaenda Ahero.

Unajua najitolea kwenye makao fulani ya watoto hapa mjini. Siku hiyo tulikuwa tunamrudisha mvulana wa miaka 9 kwa dani yake, yaani nyanya yake, ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Tulikuwa mimi, afisa wa watoto, mvulana na begi lake la shule, na godoro jipya limefungwa nyuma ya bodaboda. Dani alitukaribisha vizuri, akatupa turungi. Afisa akaeleza kwamba sheria inataka mtoto akue ndani ya familia, na makao yawe kimbilio la mwisho. Dani alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini, akauliza, "Nani amesema?" Hakuuliza kwa ubishi, alitaka tu kujua. Afisa akajibu kwamba ni serikali. "Na serikali iliambiwa na nani?"

Hapo tulitazamana, mimi na afisa. Jibu nililipata jioni, nikiwa nimekwama kwenye foleni ya kuingia mjini: serikali iliambiwa na watafiti kama wewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti kutoka Marekani walianza kazi Bucharest, Romania, nchi iliyokuwa na watoto chungu nzima katika makao ya serikali. Walichukua watoto wadogo 136 kutoka makao 6, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu walipelekwa kwa familia za kuwalea, nusu wakabaki walikokuwa. Familia zenyewe ilibidi watafiti wazitafute, wazifunze na kuzilipa, maana mpango kama huo haukuwapo pale mjini isipokuwa kwa jina. Kisha wakafuatilia watoto hao mwaka baada ya mwaka: wanavyoongea, wanavyofikiri, wanavyomshika mlezi wakitishika. Waliotoka mapema, hasa kabla ya miaka 2, ndio waliojikwamua zaidi. Mwaka 2004 Romania ikapitisha sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka 2 kuwekwa makaoni, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa. Si utafiti peke yake uliofanya hivyo, tusidanganyane. Romania ilikuwa inabisha hodi Umoja wa Ulaya na ilitaka kuonekana imenawa uso. Lakini waliotaka mabadiliko hawakwenda mikono mitupu.

Kutoka huko mambo yakasafiri. Umoja wa Mataifa ukatoa mwongozo wake wa malezi mbadala mwaka 2009. Kwetu, usajili wa makao mapya ulisimamishwa mwaka 2017, watoto waliokuwa makaoni wakahesabiwa katika kaunti 5, Kisumu ikiwemo, halafu ikaja Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Ndivyo godoro lilivyofika Ahero.

Na wewe ndiye mtu wa mwisho kudharau utafiti! Vile vidonge vya minyoo mlivyokuwa mkipewa shuleni Funyula ukiwa darasa la tatu, ulidhani ni huruma tu ya wazungu? Mradi ule wa Busia ulianza mwaka 1998 katika shule 75, zikipewa dawa kwa zamu ili zilinganishwe. Wakaripoti kwamba utoro ulishuka kwa karibu robo. Wasomi walikuja kuvutana sana kuhusu hesabu zile, lakini kufikia mwaka 2009 serikali ilikuwa inagawa dawa kitaifa. Ulikuwa namba kwenye jedwali la mtu, dada.

Sasa nirudi kwa dani, kwa sababu hakuishia hapo. Alimtazama mvulana, akatazama godoro, akasema, "Sawa. Atakula nini?"

Utafiti ulikuwa umeshalijibu swali hilo pia, na si Ulaya, ni hapo Uasin Gishu. Watu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Kanada waliwafuatilia mayatima wa majumbani, wa makaoni na wa mitaani. Mwaka 2014 walichapisha kwamba katika mahitaji ya msingi, kama chakula na mavazi, makao mengi yalikuwa yanawatimizia watoto kuliko nyumba nyingi za jamaa zao. Ukweli huo haufurahishi upande wowote. Haumaanishi makao ni bora, unamaanisha nyumba zile ni maskini. Lakini nusu hiyo ya habari sioni ilikofika. Kuandika kwamba mtoto arudi nyumbani kunataka wino. Kumlisha akishafika kunataka bajeti, na mtunga sera huchukua kwa mtafiti kile ambacho mfuko wake unaweza.

Dawa yenyewe inajulikana. Pesa ambazo serikali huzipa familia zinazolea mayatima zilianza mwaka 2004 kwa majaribio ya familia 500 tu, zikapimwa, zikaonekana zinawabakiza watoto wakubwa shuleni, zikatapakaa nchi nzima. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, si haba kwa mzee wa Ahero. Dani hayumo kwenye orodha. Cheti cha kifo cha mwanawe hakijapatikana.

Kwa hiyo zile kurasa za tasnifu yako kuhusu manyanya wanaolea wajukuu, ambazo msimamizi ameziita hadithi, usizifute. Zitilie hesabu. Manyanya wangapi wamerudishiwa wajukuu, wangapi wamo kwenye orodha ya pesa, wangapi wamekwama kwa karatasi, wanapika mara ngapi kwa siku. Hapo hataweza kusema ni hadithi. Ukimaliza, toa kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida, mwakilishi wa wadi azisome akiwa kwenye gari. Nitakusaidia kuzipeleka, milango ya bunge la kaunti naijua, nimesimama sana nje yake.

Dani amekubali uje umhoji. Usije Jumamosi, yeye ni Msabato na hushinda kanisani kutwa. Njoo Jumapili asubuhi, tutapanda matatu ya Ahero pamoja. Mbebee sukari, usimbebee unga, atasema tumekuja kumwonea huruma.

Na uje na leso ya Mama.

Wako,
Adhiambo