Mkurugenzi alirithi nini?

Rafiki yangu,

Habari za kuchukua fomu ya udiwani zimenifurahisha kweli. Ila swali lako la mwisho limenikalisha chini: ikiwa madiwani ndio waliopigiwa kura, mbona mkurugenzi huteuliwa na Rais?

Kwanza ujue utakaa na nani. Baraza la madiwani la halmashauri ya wilaya lina diwani wa kila kata, wabunge wa majimbo yaliyomo, na wanawake wa viti maalumu. Mwenyekiti mnamchagua wenyewe kutoka miongoni mwenu. Mkurugenzi ni katibu tu wa kikao, kura hana, lakini watumishi na mafaili yote yako chini yake. Mkuu wa wilaya si mjumbe, ingawa huko kwetu wengi hudhani halmashauri ni yake.

Sasa asili yake. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta sheria ya mamlaka za wenyeji hapa Tanganyika. Machifu wakapewa mabaraza na hazina, wakawa wanakusanya kodi chini ya jicho la Mwingereza. Sheria ya 1953 ikafungua njia ya halmashauri za kuchaguliwa, na 1963 uchifu ukafutwa. Halafu 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa! Mpango ukaitwa Madaraka Mikoani. Jina tamu, lakini waliopelekewa madaraka hayo walikuwa watumishi wa serikali kuu, na ndipo wilaya zilipopata Mkurugenzi wa Maendeleo.

Halmashauri zilirudishwa kwa Sheria Na. 7 ya 1982, zikaanza kazi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwenye mahojiano kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Lakini diwani aliporudi alikuwa kama mwenye nyumba aliyetoka safari akakuta funguo ziko kwa mpangaji. Kwa maoni yangu, mvutano wote unaousikia leo kati ya mwenyekiti na mkurugenzi umetoka hapo, wala si tabia ya mtu fulani.

Pesa nazo zimeukaza. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003, na sehemu kubwa ya bajeti inashuka kutoka serikali kuu ikiwa tayari na maelekezo yake. Mnachobaki nacho ni mapato ya ndani, ushuru wa mazao na mengineyo, na hayo hupitia Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Ukishinda, pigania kuingia humo. Kamati nyingine zina heshima zake, ila humo ndimo unaponusa harufu ya hela kabla hazijaliwa (samahani, kabla hazijatumika).

Kabla ya kampeni, nenda kasikilize kikao cha robo mwaka. Kiko wazi kwa wananchi. Kaa nyuma, uangalie ni diwani yupi anayerudi na swali la pili baada ya mkuu wa idara kujibu. Huyo ndiye wa kuomba akufundishe kazi, hata kama ni wa chama kingine.

Wasalimie nyumbani.

Mimi rafiki yako