Risala ya Klabu ya Wanafunzi Watafiti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Magonjwa ya Viungo Duniani, 12 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri, wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha chuoni kwetu. Tunajua una majukumu mazito, ndiyo maana ratiba yetu iliyosema saa tatu imekusubiri kwa furaha hadi saa sita na nusu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Klabu hii ilianzishwa na wanafunzi wanne waliokosa viti maktaba wakahamia verandani. Leo tuna wanachama 23, katiba na muhuri. Kazi yetu ni kupima machapisho: tunakusanya makala za kitabibu zilizoandikwa duniani kuhusu ugonjwa mmoja, tunahesabu nani kaandika, wapi, lini, na nani kamnukuu nani, kisha tunachora utafiti unakoelekea. Ugonjwa tuliouchagua ni ankilosingi spondilaitisi, yabisi ya uti wa mgongo. Huwashika zaidi vijana, ukianzia pale mgongo unapokutana na nyonga. Mgonjwa anaamka amekakamaa kama ubao. Akitembeatembea analegea, akipumzika yanarudi yale yale. Ataambiwa amelala vibaya, ataambiwa amebeba mizigo, na miaka inakwenda. Ukiachwa, pingili huweza kuungana zikawa mfupa mmoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mafanikio ni mengi. Tumeendesha semina iliyohudhuriwa na washiriki kutoka mikoa tisa, wote wakiwa wanafunzi wa chuo hiki. Bango letu lilisimama kwenye mkutano wa kisayansi siku mbili mfululizo. Na tumechora ramani ya utafiti wenyewe. Mwaka 1973 watafiti wa London na wa Los Angeles walionyesha uhusiano wa ugonjwa huu na alama ya kurithi iitwayo HLA-B27, na kwa miaka mingi jina hilo likatawala. Miaka ya 2000 ilipoanza zikaja dawa za kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe; siku hizi wanaizungumzia sana interleukini-17, kemikali nyingine ya aina hiyo. Hesabu yetu ya kwanza ilionyesha makala zinapungua, tukakaribia kutangaza kwamba dunia imeuchoka ugonjwa huu. Kumbe ni jina tu lililobadilika: tangu 2009 wengi wanaandika spondiloathraitisi ya aksiali, jina pana linaloubeba na huu, na wako Wajerumani na Warusi wanaouita ugonjwa wa Bekhterev hadi leo. Tulirudia kazi yote.

Kwenye ramani hiyo Ulaya, Marekani na China zimejaa kama nzige. Afrika, ukiiacha Misri na Morocco, ni vitone. HLA-B27 ni adimu kwa watu weusi wa kusini mwa Sahara, basi imezoeleka kusemwa kwamba ugonjwa huku haupo. Usioaminika hautafutwi, na usiotafutwa hauandikwi. Lakini Zambia, miaka ya 1990, madaktari waliandika kuhusu yabisi za ukoo huu kwa watu wenye VVU, wengi wao bila hiyo B27. Tena majarida mengi ya kwetu hayamo katika hifadhi kubwa za makala, zile za kulipia, kwa hiyo daktari wa hapa anaweza kuandika na ramani isimwone.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sasa tufike tulikokuwa tunakwenda.

PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kitabibu, ni ya bure, ila faili tunalopakua humo haliji na orodha ya marejeo, kwa hiyo nani kamnukuu nani hatumjui. Mwaka 2021 mgeni rasmi wa siku hiyo alisimama hapo ulipoketi, akaahidi kutulipia hifadhi yenye marejeo. Tulipiga makofi, picha ipo kwenye ubao wa matangazo, imeanza kupauka. Tukiwa bado tunangoja, Januari 2022 ikazinduliwa OpenAlex, hifadhi ya bure yenye marejeo hayo. Kwa hiyo ahadi ile tumeisamehe, Mheshimiwa. Ilipitwa na wakati kabla ya kutimia.

Mwaka 2023 mgeni mwingine alisema ya mwenzake anayabeba na kuyazidisha: kompyuta tano. Hatuna shaka zipo njiani; barabara zetu tunazijua. Tulipofuatilia tuliambiwa suala linashughulikiwa, na tulipofuatilia tena tuliambiwa tusiwe na haraka.

Leo wanachama 23 wanatumia kompyuta mpakato moja, mali ya Katibu, yenye ramu ya GB 4. Kitufe cha herufi N kimeng'oka, na hakuna jina la ugonjwa wetu lisilo na N. Tunainakili kutoka sentensi nyingine na kuibandika, moja moja. Tunapakua saa nane usiku kwa bando la usiku. Tukipakia rekodi nyingi inaganda, tunaiwekea feni ya mezani, tunaomba dua, tunaanza upya.

Kwa kuwa tano zimepata shida kufika, tumeona tupunguze. Tunaomba kompyuta MOJA, ya mezani, ramu GB 16, na intaneti ya mwaka mmoja. Hatuombi fedha mkononi. Profoma ya duka tumeiambatisha, imegongwa muhuri, na jina la mwanachama atakayekuja ofisini kwako kufuatilia limeandikwa nyuma. Kama haitawezekana, Mheshimiwa, tunaomba utuambie leo hii, kabla ya chakula. Hatutaona vibaya, na chakula utakula.

Mwisho, pokea zawadi yetu ndogo: ramani yenyewe, imechapwa kwa rangi na kuwekewa fremu. Utaona pale ambapo Afrika ilipaswa kuonekana, pamekatika. Kompyuta iliganda tukiwa tunahifadhi, na usiku huo bando lilikuwa limekwisha.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu