Barua kwa mwanangu anayekwenda Kongo

Mwanangu mpendwa,

Nyumbani hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Uliponieleza kwamba utakwenda Kongo mashariki na kikosi cha kulinda amani, na kwamba maafisa vijana wanaomudu Kiswahili na Kiingereza huitwa mara kwa mara kuwatafsiria maafisa wa mataifa mengine, hata pale mtu aliyekamatwa anapohojiwa, niliona nikuandikie kuhusu kumbukumbu za Eric Lomax, afisa wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Uingereza, zilizochapishwa mwaka 1995.

Lomax alitekwa Singapore mwezi Februari 1942, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jenerali Percival, kamanda wa majeshi ya Uingereza huko, alipojisalimisha kwa Wajapani pamoja na makumi ya maelfu ya askari wake. Mateka wengi walipelekwa Thailand kujenga reli ya kilomita 415 kuelekea Burma (Myanmar ya leo), wakipasua misitu na miamba kwa sururu na makoleo. Mateka wapatao 60,000 walifanya kazi hiyo, na zaidi ya 12,000 walikufa kwa kipindupindu, kuhara damu, malaria, njaa na vipigo. Vibarua wa Kiasia, yaani Watamil kutoka Malaya, Waburma, Wajava na wengineo, walikufa wengi kuliko hao mara kadhaa, nami naumia kuona jinsi habari zao zilivyo chache: hawakuwa na madaktari wa jeshi wala maafisa wa kuandika nani amefariki na amezikwa wapi. Kazi ya daftari, ambayo ninyi vijana mnaiona ni ya karani tu, ndiyo iliyowapa wengi wa wale mateka makaburi yenye majina.

Katika kambi ya Kanchanaburi, Lomax na wenzake walikuwa na redio ya siri ya kusikilizia habari za vita, ikagunduliwa Agosti 1943. Walisimamishwa juani kwa saa nyingi, kisha usiku wakapigwa mmoja baada ya mwingine kwa mipini ya sururu. Maafisa wawili walikufa kwa kipigo, naye Lomax alivunjika mikono yote miwili. Kwa kuwa alikutwa pia na ramani ya reli aliyoichora mwenyewe, alikabidhiwa kwa Kempeitai, polisi wa kijeshi wa Japani, ambao walimhoji siku nyingi, wakamfunga na kumwingizia maji kwa mpira mdomoni na puani, hata akawa anazama akiwa nchi kavu. Baadaye mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha miaka mitano, akarudishwa Singapore katika gereza la Outram Road.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Mtu aliyemkaa Lomax moyoni kwa karibu nusu karne hakuwa yule aliyeshika mpira wa maji, bali mkalimani, Takashi Nagase, mtu wa umbo dogo ambaye hakuwa akimpiga. Saa baada ya saa ni yeye aliyemsemesha kwa lugha anayoielewa, akimsihi akiri, akimweleza kwamba atauawa, hivi kwamba kila swali na kila tishio lilimfikia mateka kwa sauti ya Nagase. Walipoachana, Nagase alimwambia kwa sauti ya chini ajikaze. Neno hilo lilikuwa lake mwenyewe, la huruma, lakini yote yaliyotangulia yalikuwa yametoka katika kinywa hicho hicho, na Lomax hakuweza kuyatenganisha.

Nagase naye hakupona moyoni. Vita vilipokwisha alifuatana na watu wa majeshi ya Washirika, yaani Uingereza na wenzake, waliokuwa wakitafuta makaburi ya mateka kando ya reli, na kumbukumbu za mateso yale zikamwandama maisha yake yote. Alijenga hekalu la Kibudha Kanchanaburi, akaandika habari zake, na Lomax alipozisoma akajitambua ndani yake. Mwaka 1993 wazee hao wawili walikutana Kanchanaburi, na baadaye, huko Japani, Lomax akampa barua ya kumsamehe. Watu wengi husifu msamaha huo, nami nausifu kwa moyo wote. Hata hivyo ulichukua miaka hamsini, na mateka wengi walikufa bila kuombwa radhi na mtu yeyote.

Kwa hiyo, mwanangu, utakapoitwa kutafsiri mbele ya mtu aliyefungwa mikono, uliza kwanza ameshikwa kwa amri ya nani, kama amepewa maji, na kama majeraha yake yametibiwa. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo mliisoma katika chuo cha kijeshi cha Monduli, inakataza kumtesa, na katazo hilo linamhusu anayetafsiri sawasawa na anayeuliza. Ukiona mtu anapigwa au kutishiwa kifo, nyamaza, toka, umtafute mkubwa wako, na uandike ripoti yako siku hiyo hiyo ukitaja saa, mahali na waliokuwepo. Najua cheo chako ni Luteni Usu na kwamba watakuwepo wenye nyota nyingi kuliko zako. Fanya hivyo hivyo.

Kitabu nimekituma pamoja na dawa za malaria. Kisome kabla ya safari, kisha unipigie simu uniambie mmepewa maelekezo gani kuhusu ukalimani, kwa sababu katika yote uliyonieleza hilo hukuligusa.

Mama yako